Kiti cha Spika na kadi ya chama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo moja kuhusu Spika wa Bunge letu, ambalo naona huachwa pembeni kila mara mjadala wa kiti hicho unapozuka. Wananchi hubishana kama Spika fulani ni mkali au mpole, kama anawabeba wa chama chake au hawabebi, na ubishi huo hauishi kwa kuwa ni ubishi wa tabia za watu. Mimi ningependa tuangalie kiti chenyewe kimefungwa wapi, maana hata Spika mwenye tabia njema kuliko wote anaweza kuondolewa na watu ambao hawakumchagua, bila Bunge kupiga hata kura moja.

Ibara ya 84 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema Spika atachaguliwa na Wabunge kutoka miongoni mwa watu ambao ni Wabunge au wenye sifa za kuwa Wabunge, na kwamba yeye ndiye kiongozi wa Bunge na mwakilishi wake katika vyombo na vikao vya nje. Waziri na Naibu Waziri hawaruhusiwi kushika kiti hicho, na kura ya kumchagua Spika ni ya siri. Kumwondoa kunahitaji azimio linaloungwa mkono na Wabunge wasiopungua theluthi mbili ya Wabunge wote, si theluthi mbili ya waliohudhuria siku hiyo. Kiti kikiwa wazi, Bunge haliwezi kufanya shughuli nyingine yoyote isipokuwa kumchagua Spika mwingine. Ni dhahiri kwamba walioandika masharti hayo walikusudia kiti kizito, kisichotikiswa na hasira ya siku moja.

Sasa endelea kusoma. Ibara hiyo hiyo inasema Spika aliyetoka miongoni mwa Wabunge ataacha kiti iwapo atakoma kuwa Mbunge kwa sababu isiyohusika na kuvunjwa kwa Bunge. Ukirudi kwenye Ibara ya 71, unakuta kwamba Mbunge hupoteza ubunge wake akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa. Ukiziunganisha ibara hizo mbili unapata njia ya mkato: chama kikimvua uanachama, ubunge unakwenda na uspika unafuata, na ile theluthi mbili tuliyoambiwa ndiyo ngome ya kiti inabaki kwenye karatasi. Wapo watakaosema basi tuchague Spika asiye Mbunge, kwa kuwa Katiba inaruhusu. Wasome pia Ibara ya 67, inayotaja sifa za kuwa Mbunge, wataona kwamba mojawapo ni kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Mlango wa nje upo, lakini nao unafunguliwa kwa kadi.

Haya si mambo ya kufikirika. Marehemu Samuel Sitta aliingia kitini Desemba 2005 akijinadi kwa kasi na viwango, na Februari 2008 aliiacha taarifa ya Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond isomwe na kujadiliwa ukumbini, mjadala uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Yawezekana huo ndio wakati Bunge letu lilipoonyesha meno kuliko wakati mwingine wowote tangu vyama vingi virejee, na lilionyesha meno kwa sababu aliyekalia kiti hakuyafunika. Agosti 2009 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilipokutana, magazeti yaliripoti kwamba wapo wajumbe waliotaka Sitta anyang'anywe kadi. Alinusurika. Novemba 2010, muda wa kumchagua Spika mpya ulipofika, Kamati Kuu ya chama iliamua kwamba safari hiyo jina litakalopelekwa bungeni liwe la mwanamke, na Sitta akawa nje kabla Mbunge yeyote hajashika karatasi ya kura. Sina neno na kuchaguliwa kwa Mama Anne Makinda, ambaye alikuwa Naibu Spika na alizijua Kanuni kama kiganja chake, wala sidharau maana ya kuwa na mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho. Ninachosema ni kwamba Wabunge waliomwona Sitta akifanya kazi kwa miaka mitano hawakupewa nafasi ya kusema wanamtaka au hawamtaki.

Mfano wa pili ni wa juzi tu. Mwishoni mwa Desemba 2021 marehemu Job Ndugai, akiwa Spika, alizungumza hadharani kuhusu deni la taifa na mikopo, maneno yake yakawachukiza wakubwa, na tarehe 6 Januari 2022 akatangaza kujiuzulu. Tuyaache maneno yenyewe, maana kila mtu ana maoni yake kama yalikuwa ya busara. Kilichonishtua mimi, kwa miaka niliyofundisha Uraia, ni anwani ya barua: kwa tangazo lake mwenyewe, alikuwa amemwandikia Katibu Mkuu wa CCM. Kiongozi wa mhimili mmoja wa dola aliaga kwa mtendaji wa chama, na Wabunge waliomchagua walizisikia habari hizo redioni kama sisi wengine. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, kwa sababu barua yake ilikwenda mahali ambapo kiti kimefungwa.

Tarehe 1 Februari 2022 Bunge likamchagua Dk. Tulia Ackson kwa kura 376 kati ya kura 376. Wagombea wengine wanane wa vyama vidogo hawakuambulia hata moja. Kura ilikuwa ya siri.

Huenda msomaji akauliza yote hayo yanamhusu nini mkulima wa mpunga au mama mwenye genge. Mwaka 2012 niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu Dodoma, tukakaa jukwaa la wageni tukiangalia chini ukumbini. Baada ya maswali tulitajwa, tukasimama, Wabunge wakatugongea meza, na vijana wangu wakafurahi hadi wakasahau kukaa. Baadaye muswada ukafikia kuamuliwa. Aliyekalia kiti akawahoji wanaoafiki, ukumbi ukanguruma ndiyo. Akawahoji wasioafiki, ukumbi ukanguruma siyo, na kwa masikio yangu ngurumo hizo mbili zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Akasema anadhani walioafiki wameshinda, kazi ikaendelea. Binti mmoja aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Mwalimu, wamehesabiwa saa ngapi?" Nikamweleza kwamba Kanuni zinaruhusu uamuzi kwa sauti, na kwamba Mbunge asiyeridhika anaweza kusimama akaomba kura zihesabiwe, kama inavyofanyika kwa bajeti ya Serikali ambapo kila jina huitwa na kila mtu hujibu. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo kama hakuna aliyesimama, sikio la Spika ndiyo kura." Nimefundisha miaka mingi na sijapata kulieleza jambo hilo kwa ufupi kiasi hicho.

Sikio hilo lina kazi nyingi kuliko kura za sauti. Spika ndiye anayeamua nani asimame na nani asubiri, hoja ipi ya dharura iingie na ipi si ya dharura, mwongozo ulioombwa ujibiwe papo hapo au baadaye, ile baadaye ambayo mara nyingine haifiki. Ndiye anayewapanga Wabunge kwenye Kamati za Kudumu, na anayejua Bunge anajua kwamba kazi halisi inafanyika huko, si mbele ya kamera. Ndiye anayeweza kumwamuru Mbunge atoke nje, au kumpeleka kwenye Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Ndiye pia anayeongoza Tume ya Utumishi wa Bunge. Na ikitokea siku ya kumshtaki Rais bungeni kwa mujibu wa Ibara ya 46A, taarifa iliyosainiwa na asilimia ishirini ya Wabunge hupelekwa kwake yeye kwanza. Fikiria taarifa hiyo inakabidhiwa mezani kwa mtu ambaye kadi yake iko mkononi mwa chama ambacho mwenyekiti wake ndiye Rais anayeshtakiwa.

Yapo mamlaka mengine ambayo hayaonekani mpaka yatumike, nayo ni ya kuitaarifu Tume ya Uchaguzi kwamba kiti cha Mbunge kiko wazi. Julai 2017, upande wa Profesa Ibrahim Lipumba ndani ya CUF ulipoandika kwamba umewavua uanachama Wabunge wanane wa viti maalumu, viti vyao vilitangazwa kuwa wazi ndani ya siku chache, ingawa chama chenyewe kilikuwa kimepasuka na upande wa pili ulipinga. Novemba 2020 Wabunge kumi na tisa wa viti maalumu wa Chadema waliapishwa, chama chao kikawafukuza siku tatu baadaye, Baraza Kuu la chama likazikataa rufaa zao Mei 2022, shauri likaenda mahakamani, na wakaendelea kukaa bungeni kwa miaka. Ibara ni ile ile ya 71. Inawezekana kabisa kwamba tofauti hizo zina maelezo mazuri ya kisheria, na mimi si mwanasheria wa kuyakataa. Lakini chama kimoja tawala kikiwa ndicho chenye kadi ya mwamuzi katika mashauri yote mawili, hata uamuzi ulio sahihi unakosa wa kuuamini, na hasara hiyo inamwangukia Spika mwenyewe kabla ya mtu mwingine.

Majirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, waliamua kwamba Spika achaguliwe na Bunge kutoka nje ya Wabunge na asiwe na kura. Hatua hiyo haikumaliza kila kitu: Februari 2025 Mahakama Kuu ilibidi iseme kwamba Spika Moses Wetang'ula hawezi kuendelea kuwa kiongozi wa chama huku amekalia kiti. Faida niliyoiona mimi ni kwamba jambo hilo lilikuwa na mahali pa kuulizwa na pa kujibiwa. Uingereza, Spika akishachaguliwa hukiacha chama chake moja kwa moja, na vyama vikubwa kwa desturi havimwekei mpinzani jimboni kwake. Na hapa kwetu, Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipendekeza Spika na Naibu wake wasitoke miongoni mwa Wabunge wala viongozi wa vyama, pendekezo lililolala pamoja na mengine tangu kura ya maoni ya Aprili 2015 ilipoahirishwa.

Sitaki kusubiri Katiba mpya kwa jambo ambalo maneno machache yangelitibu. Ibara ya 84 ingeweza kuongezewa kwamba Spika akishaapishwa, kupoteza kwake uanachama wa chama hakutakiathiri kiti chake wala sifa zake za kukishika, na kwamba ataondoka kwa kujiuzulu mbele ya Bunge, kwa kuvunjwa kwa Bunge au kwa ile theluthi mbili iliyoandikwa tangu zamani. Jimbo lake, kama alikuwa nalo, lifanyiwe uchaguzi mdogo ili wananchi wasikose mwakilishi, naye abaki kuwa Spika asiye na jimbo, kwa kuwa Katiba tayari inamtambua Spika wa aina hiyo na inamhesabu kuwa sehemu ya Bunge. Nimeulizwa na jirani yangu, mzee aliyewahi kuwa diwani, kama hatutakuwa tumejitengenezea mfalme asiyeguswa. Nilimjibu kwamba atakuwa anaguswa na watu zaidi ya mia mbili na hamsini walioketi naye ukumbi mmoja, wanaomwona kila siku akiamua, badala ya kuguswa na kikao ambacho hatujui ajenda yake.

Mabadiliko kama hayo yanahitaji kura za theluthi mbili ya Wabunge wote, na katika Bunge lililoanza Novemba 2025 chama tawala kina idadi hiyo bila kuazima kura ya mtu. Spika wa sasa, Mheshimiwa Mussa Azzan Zungu, amepita uenyekiti wa Bunge na unaibu Spika kabla ya kufika alipo, kwa hiyo hakuna anayehitaji kumfundisha namna kiti kinavyobana. Ningependa kumsikia, yeye au Mbunge yeyote atakayesoma barua hii, akisema kama yuko tayari kuleta muswada huo, na kama hayuko tayari, ni kwa sababu ipi.

Mwalimu mstaafu wa Uraia,
Kilosa, Morogoro.