Daktari kasemaje?

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Salma,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, ila joto linatumaliza. Nimeona nikuandikie kwa sababu juzi kwenye simu, tulipozungumza habari ya baba yako kufichwa ugonjwa wake, ukaniuliza, "Wewe ungefanyaje?", nilijifanya mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikosa la kukujibu.

Basi jana Abdul kanifungulia filamu ya Kihispania kwenye laptopu yake, inaitwa Truman. Nikadhani ni habari za yule rais wa Marekani. Kumbe Truman ni mbwa! Limbwa lizee, kubwa kama ndama. Mwenyewe ni Julián, mwigizaji kutoka Argentina anayeishi Madrid, na ana saratani ya mapafu. Kemo, zile dawa kali za saratani, imemchosha, anamwambia daktari inatosha. Rafiki yake Tomás anafunga safari kutoka Kanada kuja kukaa naye siku 4, na filamu yote ndiyo siku hizo 4. Aliyeiongoza ni Cesc Gay, ilitoka mwaka 2015, ikazoa tuzo 5 za Goya ambazo kwa sinema za Hispania hakuna zaidi yake. Mimi nilikuwa naitazama huku nachambua mchele. Ungo nikauweka chini mapema tu.

Hakuna anayejigaragaza akilia. Mgonjwa anakwenda kwa daktari wa mifugo kuuliza kama mbwa naye hupata majonzi akifiwa. Anakwenda kwa watu wa mazishi kuulizia bei, akionyeshwa hiki na kile kama sisi tunavyochagua doti za khanga. Mkahawani anawakuta watu wanaofahamiana, wanajifanya hawajamwona. Hilo nadhani nawe umeshalionja: wale waliokuwa hawakosi kwenu kila Ijumaa baba yako alipokuwa mzima, siku hizi wako wapi?

Anapanga pia kutoisubiri siku yake ifike yenyewe. Akilisema hilo, binamu yake Paula anawaka kwa hasira na kuondoka. Hapo mimi niko upande wa Paula, wala sitaki tubishane.

Kilichoninyima usingizi ni habari ya mtoto. Julián ana kijana wake, Nico, anasoma Amsterdam. Yeye na Tomás wanapanda ndege kumfuata ili baba amweleze mwanawe mwenyewe, kwa kinywa chake. Wanakula pamoja, wanaongea ya hapa na pale, wanacheka. Neno lenyewe halitoki. Wanaagana, wanakumbatiana, baba anarudi Madrid na siri yake ileile. Kisha anakutana na mama yake Nico, ambaye waliachana zamani, naye anamwambia: mbona mtoto anajua? Nilishamwambia.

Yaani pale mezani kijana alikuwa anajua. Nikamwambia Abdul arudishe nyuma, nikalitazama tena lile kumbatio. Safari hii baba nikamwacha, nikamwangalia mtoto.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Marehemu mama alipougua, kaka zangu walikaa kikao nyuma ya nyumba, wakaamua asiambiwe. Presha itapanda, walisema, atakata tamaa. Tukaambizana jibu moja: vidonda vya tumbo. Mbele yake tukawa tunazungumza Kiingereza, tena kibovu, na yeye amelala pale anatusikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Siku moja namsugua mgongo akaniuliza, "Daktari kasemaje?" Nikamjibu, "Vidonda vya tumbo, mama, utapona." Akageuka akanitazama, muda kidogo, kitambaa kinanichuruzika maji mkononi. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Basi nipe uji."

Uji wenyewe hakuunywa.

Alipofariki nilitumwa chumbani nikafungue sanduku lake nitafute khanga za kumfunikia. Chini kabisa nikakuta sanda, mpya, imekunjwa vizuri, na ubani na chupa ya marashi, na pesa zimefungwa fundo kwenye pembe ya leso. Zile pesa zilitosha kumlipa mchimba kaburi. Nani alimnunulia hiyo sanda mpaka leo sijui, maana mwezi mzima hakutoka hata barazani. Kwa hiyo kuna mtu humo ndani, labda jirani, labda mtoto wa jirani aliyetumwa dukani, ambaye mama alizungumza naye. Sisi wanawe wanne tulikuwa tunampa vidonda vya tumbo.

Kaka zangu walisema alhamdulillah, alijiandaa. Mimi nililia kwa jingine. Nilikuwa namfikiria vile alivyonitazama bafuni. Alinifungulia mlango mwenyewe, nikaurudishia.

Sikwambii uende ukamwambie baba yako. Kaka zako nawajua, na baba yako ni mtu wa moyo mwepesi, mama alikuwa mwingine kabisa. Pengine nyinyi mko sawa. Ila uliniambia kwenye simu kwamba siku hizi ameanza kumwita mjukuu mmoja mmoja na kuwagawia vitu, saa kampa yule, baiskeli kaahidi huyu, nanyi mnacheka mnasema uzee. Shoga, mimi mama alinipa sufuria lake kubwa la pilau wiki tatu kabla. Nami nilicheka.

Akikuuliza daktari kasemaje, usiwahi kujibu. Muulize kwanza yeye anaonaje, kisha nyamaza, hata kama ni kwa muda wa kupoza kikombe cha chai.

Nikija Korogwe baada ya Idi nitabeba laptopu ya Abdul tuitazame wote wawili. Mbwa anaishia wapi sikwambii. Na nitakuletea lile sufuria, maana najua nyumba ya mgonjwa wageni hawaishi na lako lilipasuka.

Wako,
Mama Abdul