Barua kwa mdogo wangu: saa hizo kamwombe wifi

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Habari kwamba umelipia triathloni ile ndefu ya Afrika Kusini imenifikia, na nimefurahi kuliko unavyodhani. Nakuandikia hadharani kwa sababu siku hizi hapa Mtwara vikundi vya jogging vimejaa mitaani, na nyumba zenye mtu wa mazoezi zimekuwa nyingi. Linalotukuta sisi linawakuta na wengine.

Wasomaji wajue kwanza ni mbio za namna gani. Unaogelea kilomita 3.8, unatoka majini unapanda baiskeli kilomita 180, ukishuka unakimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2. Yote siku moja, na kwa kawaida saa 17 zikipita hujafika, huhesabiwi. Kwa vipimo vya kwetu, hiyo baiskeli ni kutoka Mtwara mjini mpaka Lindi, kisha kugeuza na kurudi zaidi ya nusu ya njia. Mbio za miguu ni Mtwara na Mikindani, kwenda na kurudi, karibu mara mbili. Anayejiandaa kwa mara ya kwanza, miezi ya mwisho hufika saa 10 mpaka 15 za mazoezi kwa wiki. Wewe una kazi, una watoto, una mikorosho. Saa hizo zinatoka wapi?

Zinatoka kwa wifi yangu. Hilo ndilo lililonifanya niandike, na nalisema kama dada yako wa tumbo moja anayetaka umalize mbio hizo. Ukiondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri ukarudi saa tano, watoto wameshaamshwa, wameogeshwa, wamekunywa chai, vyombo vimeoshwa, na aliyefanya yote ni mtu mmoja. Ukirudi unakula, unalala, maana mwili umechoka kweli. Basi Jumamosi hiyo umechukua siku nzima. Anayekupa siku nzima anastahili kuombwa mapema, mkiwa mmekaa, wala si kuarifiwa Ijumaa usiku huku unajaza matairi upepo.

Nilipokuwa nasoma habari za mbio hizi nikakuta kwamba za kwanza za umbali huu zilifanyika Hawaii, Februari 1978. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12. Wazo lilitoka kwa John Collins na mkewe Judy, mume na mke, katika ubishi wa nani ana pumzi zaidi kati ya waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Nilifurahi kuona chanzo chake ni watu wa nyumba moja waliokuwa wakipanga pamoja. Wifi naye ana akili ya kupanga kukushinda, na wewe unajua. Mpe kalenda aishike yeye.

Mkishaishika mtaona mambo ambayo programu uliyoitoa kwenye intaneti haiyajui. Aliyeiandika hana mikorosho. Oktoba mpaka Desemba korosho zinaanguka, zinaokotwa, zinatenganishwa na mabibo, zinaanikwa, zinapelekwa chama cha msingi zikasubiri mnada. Nauli yako ya Afrika Kusini inatoka humo humo. Miezi hiyo baiskeli iwe fupi, ukimbie asubuhi kisha uende shambani na wenzako. Halafu Desemba shule zikifungwa mwanangu anaingia jandoni. Wewe ni mjomba, na kwa desturi zetu mjomba hakosekani. Siku hizo zifute kabisa kwenye ratiba, nakuomba.

Aliyeiandika hafungi pia. Mwakani Ramadhani inaanza Februari, na mbio zako ziko baada ya Idi, kwa hiyo wiki zenye mazoezi mazito kuliko zote ndizo za kufunga. Walimu wa michezo wanaowasimamia waliofunga huwashauri wapunguze wingi, mepesi wayafanye karibu na kufuturu, mazito baada ya kufuturu, ili maji na chakula viwe karibu. Ushauri mzuri kwa mwili. Ila fikiria jikoni kwako saa kumi na moja jioni ya Ramadhani: uji uko motoni, muhogo wa nazi unachemka, tambi zinasubiri, na mdogo analia anataka kubebwa. Mtu anayeshinda na njaa kama wewe ndiye anayepika vyote hivyo. Saa hiyo usiiguse. Shika watoto, mkunie nazi. Mazoezi yako yawe baada ya tarawehe, jua limeondoka, na ukitoka umeshakula.

Bahari ina ratiba yake, na hapo una bahati. Wewe umekazana kuogelea alfajiri kila mara kama vile saa hiyo imeandikwa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, hapa kwetu hujaa mnamo saa kumi usiku wa manane kuelekea alfajiri, na ifikapo saa nne asubuhi yamekupwa. Ukiingia saa kumi na mbili unakutana na maji yanayotoka ghubani kwa nguvu, yanakuvuta kuelekea mlangoni, huko kinakopita kivuko cha Msangamkuu. Wavuvi wanalijua hilo, waulize. Siku za maji mafu ni kinyume: kujaa huangukia karibu saa nne asubuhi na mkondo huwa mpole. Maana yake, Jumamosi zenye maji mafu unaweza kulala, ukanywa chai na watoto, mkateremka Shangani wote. Wao wacheze ufukweni na mama yao, wewe uogelee sambamba na pwani, na mtu mwenye mtumbwi karibu yako. Tafadhali usiende peke yako. Kuanzia Novemba kusi imekwisha, bahari inatulia, utapata nafasi nyingi za namna hiyo. Kule Afrika Kusini maji ni ya baridi kuliko haya, wenzako watavaa suti za mpira, kwa hiyo ya kwako itafute mapema.

Barabara ndiyo inayoninyima usingizi. Hii ya kwenda Mingoyo ina malori ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini, na msimu wa korosho yanaongezeka mengine. Vaa rangi inayoonekana, weka taa nyuma hata mchana, na mwachie wifi njia unayopita na saa ya kurudi. Akikupigia, simama upokee. Anapiga kwa sababu lori limepita na wewe bado hujarudi.

Mimi ni shangazi yao, na nina nafasi. Jumamosi za baiskeli ndefu waje kwangu tangu Ijumaa jioni, watalala na binamu zao, nitawachemshia ming'oko wanayoipenda. Siku hiyo wifi asibaki anakusubiri wewe. Aende kwa mama yake, au alale mpaka saa nne, atakavyo. Na Jumapili isiwekwe mazoezi yoyote, hata ya dakika 20.

Kaa naye wiki hii, kabla hujalipia tiketi. Mkimaliza nipigie, uniambie ni Jumamosi zipi, niziandike.

Dada yako