Kuhusu yule kocha asiyefoka

Shabani mwanangu, mambo vipi,

Ujumbe wako nimeusoma, eti kocha wenu mpya hafokei mtu kwahiyo hana kitu. Haya ngoja nikupe stori ya Tony Dungy, yule wa mpira wa Kimarekani, maana yule mzee alikuwa kimyaaa pembeni ya uwanja na ndoo akabeba.

Kama mchezaji hakuwa staa. Chuo Kikuu cha Minnesota alicheza kotabeki, yule anayerusha mpira na timu nzima inamsikiliza yeye, ila 1977 timu za NFL, ligi yao kubwa, zikachagua vijana mpaka zikamaliza, jina lake halijatajwa. Pittsburgh Steelers wakamchukua hivyohivyo wakamgeuza beki wa nyuma, yaani kazi yake sasa ni kunyaka mipira ya makotabeki wenzake 😂 na msimu wa 1978 akanyaka 6, hakuna aliyemzidi pale kikosini, na ubingwa wakachukua. Kuna mechi na Houston makotabeki wa Steelers wakaumia ikabidi arudi kurusha, siku hiyohiyo moja kanyaka yeye na nyingine akarusha ikanyakwa. Mi naona ukocha wake ulianzia hapo, alishajua mtu wa pande zote mbili anawaza nini. Miaka 28 tu tayari ndo anasimamia ulinzi wote wa Steelers.

Ukocha mkuu sasa, akasubiri weee mpaka 1996, tena akapewa timu ya Tampa Bay, kibonde, mechi 5 za kwanza kapigwa zote. Hakufoka. Akasuka ulinzi wa kuogopwa, wakawa watu wa mtoano, ila Super Bowl, fainali ya ligi, hawafiki, Januari 2002 kibarua kikaota nyasi. Halafu msimu uliofuata tu kocha mpya Jon Gruden kaja kabeba ubingwa na ulinzi uleule! We ungepata usingizi hapo?

Yeye akaenda zake Indianapolis Colts. Januari 2007 wako nyuma 21-3 mbele ya Patriots, wakageuza 38-34, kisha fainali Miami mvua inanyesha wakawapiga Chicago Bears 29-17. Kocha mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, na kocha wa Bears waliofungwa ni Lovie Smith, mweusi pia, msaidizi wake wa zamani Tampa.

Kwahiyo huyo wenu muacheni amalize msimu kwanza bana. Na jezi yangu uliyoazima naitaka.

Nisalimie nyumbani.