Seva ya mikutano ya video ipewe kontena lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hasara ambayo ofisi nyingi za Dar es Salaam huibeba kila mwezi bila kuitambua. Mkutano wa video ukianza kukatikakatika, na nusu ya wajumbe wakawa wanaulizana "mnanisikia?", lawama ya kwanza huangukia kampuni ya intaneti, na dawa ya kwanza huwa ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta, kazi niliyoifanya jijini hapa kwa miaka kumi na moja, na katika ofisi nyingi nilizoitwa nimekuta intaneti haina kosa. Kosa limo ndani ya seva, ambamo programu inayosafirisha picha na sauti imerundikwa pamoja na barua pepe, hifadhidata ya wanachama, mfumo wa mishahara na tovuti ya ofisi.

Nitoe mfano wa taasisi moja ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa walioniita ni waungwana na tatizo lao ni la wengi. Walikuwa wakitumia Jitsi Meet, programu huria isiyolipiwa leseni, na kwa siku nyingi ilifanya kazi vizuri. Lakini kila tarehe 25, majira ya saa nne asubuhi, sauti za wajumbe wa kamati ya mikopo zilibadilika zikawa kama za watu wanaozungumza kutoka ndani ya pipa. Saa hiyo hiyo, chumba cha pili, mhasibu alikuwa amebonyeza kitufe cha kukokotoa mishahara. Ilichukua miezi miwili kuyaunganisha mambo hayo, na aliyeyaunganisha si mimi wala mtaalamu wa TEHAMA wa pale, bali ni mama mhudumu aliyekuwa akipeleka chai vyumba vyote viwili.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Sauti ya mkutano wa namna hii hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde kwa kila anayezungumza. Kipande kinachochelewa hakina faida tena, kwa hiyo hutupwa, na sikio husikia pengo. Hesabu ya mishahara ikisubiri nusu sekunde hakuna atakayejua, ila neno la mwenyekiti likisubiri nusu sekunde linakuwa limeharibika. Zaidi ya hapo, seva ya aina hii haichanganyi picha za washiriki kuwa picha moja; huipokea picha ya kila mmoja na kuwasambazia wengine nakala. Washiriki 20 wakiwasha kamera zote, na kila mmoja akitaka kuwaona wenzake 19, seva inapokea mikondo 20 na inaweza kulazimika kutoa 380. Programu nzuri hupunguza mzigo huo kwa kuteua nani aonekane na kwa ubora gani, lakini kazi inayobaki bado ni kubwa na haipendi kusukumwa kiwiko na jirani.

Hapo ndipo linapokuja kontena. Mkazi wa jiji hili akisikia neno hilo hufikiria masanduku ya chuma ya bandarini, au lile lililopakwa rangi na kugeuzwa duka la vinywaji kando ya barabara, na kwa kweli mfano huo haupotezi maana. Kontena la kompyuta ni namna ya kuifunga programu pamoja na vyote inavyovihitaji, ikawekewa mpaka wa memori na prosesa itakayotumia, na ikaweza kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kufumuliwa. Waandaaji wa Jitsi wenyewe, katika toleo lao la Docker, yaani programu ya kutengeneza na kuendesha makontena, wameutenga mfumo huo katika makontena manne ya msingi: la tovuti, la ujumbe, la uratibu wa mikutano, na la daraja la video ambalo ndilo hubeba picha na sauti. Pale kwenye taasisi tuliligawia daraja hilo viini vinne vya prosesa kati ya vinane, na, jambo ambalo mafundi wengi husahau, tukaizuia mifumo mingine isiviguse. Kontena si kompyuta kamili. Makontena yote ya mashine moja hutumia kitovu kimoja cha mfumo endeshi (kernel), na usipomwekea mpaka jirani, mpaka wako peke yako hautakusaidia kitu.

Sitaki msomaji adhani kwamba kila kitu kilinyooka. Usiku ule tulipomaliza, nilifanya jaribio na katibu aliyekuwa nyumbani kwake Mbezi. Picha safi, sauti safi. Akaingia mhasibu kutoka Kigamboni, na papo hapo nyuso zote zikawa nyeusi na sauti ikafa. Akitoka, tunaonana tena. Tulirudia mara nne, mpaka mhasibu akauliza kama ana mkosi. Maelezo ni kwamba watu wawili wakikutana katika Jitsi, kompyuta zao huunganishwa moja kwa moja bila kupitia daraja. Wa tatu akiingia, wote huhamia kwenye daraja. Na daraja letu, likiwa ndani ya kontena, lilikuwa likiwatangazia watu anwani yake ya ndani inayoanza na 172, ambayo nje ya mashine ile haimfikishi mtu popote. Ni sawa na kumwambia dereva wa bodaboda "chumba cha tatu kushoto" bila kumtajia mtaa wala nyumba. Mstari mmoja wa kuliambia daraja litangaze anwani ya nje, na ruhusa ya UDP, njia inayopitisha vipande vya sauti na picha bila kusubiri, kupitia mlango namba 10000 kwenye ukuta wa ulinzi, vilimaliza kisa. Nimekutana na ofisi zilizorudi kuirundika mifumo pamoja kwa sababu ya kosa hili moja.

Jingine ni la nidhamu zaidi kuliko ufundi. Docker ikiamriwa kulisimamisha kontena huipa programu sekunde 10 ijifunge, na muda huo ukiisha huikata kwa nguvu. Kwa tovuti hizo zinatosha. Kwa kikao cha bodi kilicho katikati ya ajenda ya bajeti ni balaa, na nimeshuhudia kijana akisasisha programu saa tano asubuhi. Daraja la Jitsi lina namna ya kufungwa kwa ustaarabu, likakataa mikutano mipya na kusubiri iliyopo imalizike; namna hiyo itumike.

Faida ya kuhamishika tuliiona baadaye, tulipolihamishia kontena lile kwenye kituo cha data hapa hapa jijini kwa kazi ya jioni moja. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi ikalala na intaneti ya kudonoadonoa, mikutano yetu ya ndani ya Dar es Salaam iliendelea, kwa kuwa sauti ya kutoka Kariakoo kwenda Ubungo haikuwa na haja ya kuvuka bahari.

Ombi langu ni kwa wakuu wa ofisi wanaosaini zabuni za mifumo hii. Msiridhike na karatasi inayotaja ukubwa wa seva na kasi ya intaneti. Kabla ya kulipa, mwambieni mzabuni aonyeshe mkutano wa watu watatu, kila mmoja akiwa kwenye laini ya kampuni tofauti, na mhasibu akiwa anakokotoa mishahara.

Wako,
Fundi wa seva,
Kinondoni, Dar es Salaam