Mchango wa Neema usipitie benki yake

Columbus, Ohio

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini mvua hazijaharibu barabara ya Kibosho, na baba mdogo anaendelea vizuri na mguu.

Nimeona kwenye kundi la ukoo kwamba mchango wa gari la Neema umefika pazuri na mmeomba namba yake ya benki. Tafadhali msitume huko hata shilingi. Akiba yake au mshahara wake ukivuka kiwango cha serikali ya huku, anapoteza bima inayomlipia msaidizi wa kumhudumia, maana mwenyewe ana ulemavu. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayomfanya asite kupokea cheo kipya kazini, jambo ambalo huko Moshi limeonekana maringo.

Wewe umefundisha miaka yote na kadi ya NHIF. Ulikatwa asilimia 3, mwajiri akaweka 3, na mshahara ulipopanda kadi ilibaki ile ile. Huku bima ya kazini ya Neema inalipa daktari, upasuaji na dawa, na tangu 2014 kampuni ya bima hairuhusiwi kumkataa wala kumtoza zaidi kwa sababu ya uti wa mgongo ulioumia. Ila haimlipi yule mama anayekuja alfajiri kumtoa kitandani, kumwogesha, kumvalisha na kumweka kwenye kiti, kisha akarudi jioni. Piga hesabu: saa 4 kwa siku, tuseme dola 20 kwa saa, ni dola 2,400 kwa mwezi. Asipokuja, Neema haendi kazini, na vidonda vya mgandamizo havichelewi.

Anayelipia hayo ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Neema amebaki nayo kwa kifungu cha 1619(b) cha sheria ya hifadhi ya jamii: posho ya SSI, ambayo serikali huwapa walemavu wenye kipato kidogo, ilikoma alipoanza kulipwa vizuri, bima ikaendelea. Sharti la kwanza, mshahara usivuke kiwango cha jimbo. La pili, akiba isizidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1989. Sasa angalia kichekesho chenyewe: gari moja halihesabiwi, lakini pesa za kulinunua zinahesabiwa. Kinachotazamwa ni salio mwezi unapoanza. Mchango ukiingia tarehe 28 na gari halijapatikana, tarehe 1 ameshavuka. Barua ya kudaiwa huja baadaye sana, hela zimeshatumika.

Njia ipo. Sheria ya 2014 iliruhusu akaunti ya ABLE, yaani akaunti ya akiba ya watu wenye ulemavu, ambayo huku Ohio huitwa STABLE. Ni ya mtu ambaye ulemavu wake ulianza kabla ya miaka 46 (hadi mwisho wa 2025 ilikuwa kabla ya 26). Neema aliumia akiwa na 19. Ndugu akiweka humo moja kwa moja, haihesabiwi kuwa kipato chake, na dola 100,000 za kwanza hazihesabiwi kwenye ile 2,000. Usafiri ni matumizi halali. Kuna kikomo cha michango ya watu wote kwa pamoja kwa mwaka; mwaka 2025 kilikuwa dola 19,000. Lakini hela zikipita kwanza mikononi mwake, zimeshakuwa kipato.

Kuhusu cheo, hajakataa, anapanga hatua. Kabla ya kusaini anaomba apimiwe kiwango chake binafsi cha mshahara badala ya kile cha jimbo, ambacho huingiza gharama za msaidizi. Wapo wanaotazama kiwango cha jimbo tu, wakaacha kazi bure. Kisha anaomba Medicaid ya kununua, iliyowekwa kwa wafanyakazi wenye ulemavu. Majibu yawe ya maandishi kabla ya mshahara mpya wa kwanza. Medicare, bima nyingine ya serikali, isiwadanganye: huja miezi 24 baada ya pensheni ya ulemavu kuanza, na msaidizi wa kila siku haimlipi.

Basi mweka hazina anitumie mimi, aandike "zawadi kwa akaunti ya ABLE ya Neema", nami nitaweka humo na kuwarushia stakabadhi kwenye kundi. Fungu lake la shamba la Machame ni habari nyingine. Hilo ni haki yake ya urithi, kwa hiyo hata likipitia kwangu litahesabiwa kuwa lake. Mwambie baba mdogo asiuze mpaka mwanasheria wa huku atujibu.

Mwanao,
Eliya