Kwa Rehema, kuhusu Willowbrook

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo kituoni. Uliniuliza habari za Willowbrook, ile shule ya serikali ya jimbo la New York kwa watu wenye ulemavu wa akili, iliyokuwa Staten Island. Wengi wakiisimulia huanza na picha za televisheni za mwaka 1972, pale daktari Michael Wilkins alipomwingiza mwandishi Geraldo Rivera: watoto uchi, sakafu chafu, vilio. Wewe anza na saa ya chakula.

Majengo yalikusudiwa watu 4,000. Mwaka 1965 waliokaa humo walizidi 6,000. Kulikuwa na wodi ambamo mhudumu mmoja aliachiwa watoto wapatao 50. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mkali huhitaji dakika 20 hadi 30 ili ale salama. Piga hesabu: 50 mara 20 ni dakika 1,000, zaidi ya saa 16 kwa mlo mmoja! Wilkins alisema kila mtoto alipata kama dakika tatu, na alipoulizwa matokeo yake alitaja kifo cha nimonia.

Sababu yake ni hii. Mwenye haraka humlisha mtoto akiwa amelala au kichwa kimeangukia nyuma, na kijiko cha pili huingia cha kwanza hakijamezwa. Mtoto anapaliwa, chakula kinashuka mapafuni, siku chache baadaye anahema kwa shida. Na wapo wanaopaliwa bila kukohoa hata kidogo, kwa hiyo ukimya usiwatulize. Sikilizeni sauti baada ya kumeza: ikiwa na majimaji, simamisheni. Nyonga zifike mwisho wa kiti, miguu ikanyage kitu, kidevu kishuke kidogo, kijiko kiwe kidogo na kijae nusu. Akishamaliza abaki wima nusu saa. Vinywaji vyepesi kama maji na chai ndivyo hupalia wengi kuliko uji mzito.

Homa ya ini nayo ilienea kwa njia ya mikono na vinyesi, na kuanzia 1956 watafiti chini ya Saul Krugman waliwaambukiza baadhi ya watoto kwa makusudi. Mwishoni mwa 1964 shule ilipoacha kupokea watoto wapya kwa kujaa, nafasi za kitengo cha utafiti zilibaki wazi, kwa hiyo aliyetaka mtoto wake apokelewe alielekezwa huko. Mzazi aliyekata tamaa angekataaje? Ridhaa ya namna hiyo mimi siihesabu kuwa ridhaa.

Wazazi walishtaki mwaka 1972. Hukumu ya makubaliano ya 1975, mbele ya Jaji Orrin Judd, ilikuwa na nguvu kwa sababu iliandika namba: wakazi wapunguzwe hadi 250 ndani ya miaka sita, na nyumba za mitaani ambako wangehamishiwa zisizidi watu 15 kwa watu wazima wenye ulemavu mdogo, au 10 kwa wengine wote. Muda ule haukutimizwa. Milango ilifungwa 1987. Leo chuo cha College of Staten Island kiko pale.

Kwenye kamati yenu, msiridhike na taarifa kwamba watoto wameshiba. Mtu akae na saa tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho, aandike dakika za kila mtoto na nani alimlisha. Mhudumu mmoja kwa watoto wanne ni dakika 80 kwa mlo, na hilo linawezekana. Nitumie karatasi hizo mkishapima, tupange zamu pamoja.

Wako,
Zuhura