Samli ya mama na vidonge vya kolesteroli

Mhariri,

Mama yangu alipimwa damu mara moja tu, akaandikiwa vidonge vya kushusha kolesteroli na kukatazwa samli. Ile chupa aliyoianika juani kila asubuhi ili iyeyuke iliondoka mezani, yakaja mafuta ya mgando ya kopo. Na mafuta ya transi yatokanayo na ugandishaji wa viwandani ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yaondolewe kwenye vyakula.

Sisemi aliyepata shtuko la moyo aache dawa, kwani zinamfaa. Ila mzee asiye na ugonjwa wa moyo, ambaye tangu aanze vidonge hivyo misuli inamuuma, aelezwe waziwazi na daktari wake faida anayoitarajia ni kiasi gani. Na kuhusu samli, itokanayo na maziwa: Wamasai waliopimwa miaka ya 1960, wanywaji wakubwa wa maziwa na watembeaji hodari, walikutwa na kolesteroli ya chini.

Msomaji wako, Arusha